Kitambaa Juu ya Bandeji

Mke wa Makhanu alizuiwa kwenye mlango wa wodi kwa sababu mke wa Makhanu alikuwa ndani tayari.

"Rudi saa ya kutembelea wagonjwa, mama," askari wa mlangoni alimwambia. "Mgonjwa mmoja, mtu mmoja. Bibi yake yuko naye."

"Bibi yake ni nani?"

"Si yule mama aliyekuja naye? Yule wa damu."

Awinja alikuwa ametoka shambani kwake upande wa Butali bila kubadilisha nguo. Viatu vyake vya plastiki vilikuwa vimejaa udongo wa kunde, na kikapu chake kilikuwa na chupa ya chai, blanketi na shati safi. Alisimama pale akitazama shati hilo kana kwamba lingeweza kumtetea.

"Huyo si bibi yake," alisema. "Huyo ni mjane wa kaka yake. Bibi yake ni mimi."

Watu waliokaa kwenye benchi la ukutani waliacha kula ndizi zao ili wasikie vizuri. Askari alimtazama kutoka kwenye kitambaa cha kichwa mpaka kwenye viatu.

"Sasa mimi nitajuaje? Yule amekuja na damu mpaka kwenye nywele. Wewe umekuja na chupa ya chai."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka puani. Awinja aliketi mwisho wa benchi lile lile, kikapu magotini, akangoja ruhusa ya kumwona mume wake.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Makhanu alikuwa mkataji wa miwa, na asubuhi ile aliinama katika shamba la mkulima mmoja wa Kabras, akashika muwa kwa mkono wa kushoto, akainua panga kwa wa kulia. Panga liligonga jiwe lililofichwa na majani makavu, likaruka, likaingia kwenye kifundo cha mkono wake, upande wa ndani. Damu haikutiririka. Iliruka, ikakoma, ikaruka tena, kufuata moyo. Wenzake wengine walisimama wakipiga kelele, wengine wakakimbia kutafuta kamba. Rosebella ndiye aliyefika. Alikuwa shambani akiokota vilele vya miwa vya kulisha ng'ombe wake. Alitupa mzigo, akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akaweka vidole gumba juu ya jeraha na kubana.

Hakuachilia juu ya trela la miwa. Hakuachilia kwenye pikapu ya mwenye duka wa Malava iliyowaleta mpaka Kakamega. Hakuachilia hata walipofika kwa madaktari. Nesi alilazimika kumbandua kidole kimoja kimoja, kwa sababu mikono ilikuwa imekauka ikashikana. Kabla jua halijatua, Kabras nzima ilikuwa inajua kwamba Rosebella alikuwa ameushika uhai wa Makhanu mkononi.

Na Kabras nzima ilijua pia lile jambo lingine. Barasa, mume wa Rosebella na kaka yake Makhanu, alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia. Tangu nywele za matanga ziliponyolewa, wazee wa ukoo walikuwa wakisema nyumba ya Barasa haiwezi kukaa bila mwanamume, na mwanamume wa kuiangalia alikuwa mmoja tu. Awinja alimwambia mumewe neno moja: siku utakayokula imondo katika nyumba ile, mimi nafunga virago. Imondo ni firigisi ya kuku. Katika boma lao haikuliwa na mtoto wala na mwanamke. Iliwekwa kando kwa ajili ya mwenye nyumba, na mwanamume aliyepewa imondo akaila, basi nyumba hiyo imekuwa yake.

Makhanu alicheka siku ile. Hakukubali, wala hakukataa. Alikuwa akipita tu mbali na mlango wa Rosebella wakati wa chakula.

*

Kulikuwa na daktari wa upasuaji aliyekuja Kakamega kwa majuma machache tu, Daktari Kipkemboi, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Bahati ya Makhanu ilikuwa kumkuta. Alipotoka kwenye chumba cha upasuaji aliuliza mke wa mgonjwa ni nani, na nesi Sylvia akamwonyesha Rosebella. Rosebella hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisimama tu.

"Mama, sikiliza vizuri," daktari alimwambia. "Kuna mishipa miwili inayopeleka damu kwenye kiganja. Mmoja unapita upande wa kidole gumba, mwingine upande wa kidole kidogo. Ukikatika mmoja, wa pili unaweza kulisha mkono. Yake ilikatika yote miwili. Mmoja tumeuunga ncha kwa ncha. Wa pili ulikuwa umechanika vibaya, ncha zake hazifikiani, kwa hiyo tumechukua kipande cha mshipa mguuni, karibu na kifundo, tukaziba pengo. Uzi wenyewe ni mwembamba kuliko unywele. Umenielewa?"

"Nimeelewa, daktari."

"Mkono ukae juu ya mto. Asivute sigara hata moja. Bandeji yangu ni legevu, na nimeilegeza makusudi, kwa sababu mkono utavimba. Kusifungwe kitu chochote juu yake. Kamba, leso, bandeji nyingine, hapana. Na kila mara bonyeza ukucha wake hivi." Alikibonyeza kidole cha Rosebella mwenyewe. "Ukiachilia, wekundu urudi upesi. Usiporudi, au vidole vikiwa baridi, usingoje, ita nesi."

Rosebella aliyashika maneno yale kama mtu aliyekabidhiwa funguo. Kwa muda mrefu hakuna mtu aliyekuwa amemwambia jambo la maana na kumtegemea alifanye.

Awinja aliporuhusiwa kuingia, alimuuliza, "Daktari amesemaje?"

"Amesema apumzike," Rosebella alijibu.

*

Siku zilizofuata Awinja alikuja kila mchana na obusuma, ugali wa kwao, iliyofungwa kwenye kitambaa, mboga kwenye bakuli, na maneno mengi aliyoyameza njiani. Kila alipofika alimkuta Rosebella amefika. Kila alipofika pia aliukuta mkono wa Makhanu juu ya mto, na vidole vya Rosebella juu ya vidole hivyo. Alikuwa akibonyeza kucha, moja baada ya nyingine, akizitazama zikiwa nyeupe kisha nyekundu, na kila ukucha ulipokuwa mwekundu alitabasamu kidogo.

Awinja aliona mchezo. Aliona watu wazima wawili wakichezeana vidole mbele ya wodi nzima.

"Huo ni mchezo gani?" aliuliza siku moja.

"Si mchezo, dada. Ni kumwangalia."

"Macho si ndiyo ya kuangalia?"

Makhanu aligeuza kichwa dirishani. Mwenye kitanda cha pili, mzee wa Mumias aliyevunjika nyonga, alikohoa makusudi. "Wacheni mgonjwa apumue," alisema. "Mimi nina wake wawili na hakuna hata mmoja aliyekuja leo. Mwenzangu anagombaniwa."

Mama mkwe wa Awinja, Beldina, alikuwa ameketi upande wa miguu ya Makhanu. Yeye hakutania.

"Mama Osiako," alimwambia Awinja, "mwenzako aliloa damu ya mtoto wangu. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa napalilia kunde za mtoto wako, mama."

"Basi. Kila mtu na kazi yake."

Siku ile Awinja ndiye aliyemwosha mumewe. Hilo hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Alileta beseni, akamfuta shingo, kifua, kwapa, akaja kwenye mkono wa kushoto taratibu, juu ya bandeji. Pale, chini kidogo ya kiwiko, ambako Rosebella alikuwa amesogeza mkono mmoja kukamata vizuri trela lilipoyumba, palikuwa na alama za vidole. Nne upande mmoja, moja upande mwingine, nyeusi zikigeuka manjano. Awinja alizifuta kwa kitambaa cha maji. Akaongeza sabuni, akazifuta tena.

"Unaniumiza," Makhanu alisema.

"Ni uchafu."

"Si uchafu. Ni pale aliponishika."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, hata kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mgeni mahali kisima kilipo. Ndiyo maana lilimwingia Awinja mpaka kwenye mfupa. Alikuwa ameishi na ngozi ile tangu akiwa msichana, na sasa kulikuwa na mahali juu yake palipokuwa na jina la mwanamke mwingine.

"Wewe unampenda?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Awinja. Mtu amenishika nisife. Nimwambieje? Nimwambie aachilie?"

"Sasa hufi tena. Mwambie aachilie."

Makhanu alifumba macho. Alikuwa na ustadi wa kulala kila palipohitajika neno.

*

Jumapili Awinja alichelewa. Alikuwa amebaki kwanza nyumbani na watoto, na asubuhi akachinja kuku, akampika, akampakia. Alitoa imondo akaifunga peke yake kwenye jani la mgomba. Ataila akiwa kitandani, alifikiri, na ataila kutoka mkononi mwangu, Rosebella akiangalia.

Lakini asubuhi ile ile akina mama wa kanisa la Rosebella walikuwa wamefika na kanzu zao nyeupe. Waliimba polepole ili wasifukuzwe. Kisha Rosebella alitoa kwenye kitambaa chake cha kichwa ukanda mweupe alioupasua kutoka kwenye kanzu yake ya maombi, wenye upindo wa uzi wa buluu. Mchungaji alikuwa ameuombea tangu Ijumaa. Beldina alimwinulia mwanawe mkono, na Rosebella akaufunga ukanda ule juu ya bandeji, pale pale kwenye kifundo, mafundo matatu. Katika kanisa lao fundo legevu ni ombi lisilo na imani. Kwa hiyo aliyakaza. Aliyakumbuka maneno ya daktari, na hakuona kwamba alikuwa akiyavunja. Daktari alikuwa ametaja kamba, leso na bandeji. Hicho hakikuwa kamba wala leso wala bandeji. Kilikuwa maombi.

Baadaye Makhanu alisema vidole vimekufa ganzi.

"Ni Roho anafanya kazi," Beldina alimwambia. "Tulia."

Naye alitulia, kama kawaida yake. Baadaye tena alisema mkono unamuuma kwa ndani, uchungu mbaya. Akina mama wakaimba wimbo mwingine. Kwa kuwa mkono ulikuwa umekabidhiwa Mungu, Rosebella hakubonyeza kucha siku ile. Kumpima mgonjwa aliyekwisha kuombewa kungekuwa ni kumpima Mungu.

Awinja aliingia wakati wa amina. Alikiona kitambaa kabla hajamwona mumewe. Aliutambua uzi wa buluu, kwa kuwa yeye na Rosebella walikuwa wameununua pamoja sokoni Malava wakati Barasa alipokuwa hai, na walikuwa wakicheka siku ile. Sasa ule uzi ulikuwa umefungwa kwenye mkono wa mume wake, kwa mafundo, kama watu wanavyofunga ndama wasije wakampoteza.

Aliweka kikapu chini. Alijipenyeza kati ya kanzu nyeupe, akashika fundo la kwanza kwa kucha, likakataa, akainama akaling'ata.

"Mama Osiako," Beldina alisema. "Mama Osiako, una wazimu?"

Fundo la kwanza liliachia. Rosebella alimshika bega. Awinja alimsukuma kwa kiwiko bila kutazama, akaling'ata la pili. Wodi yote ilikuwa imeinuka vitandani. Ndivyo ilivyokuja kusimuliwa baadaye sokoni, kwamba mke wa Makhanu alimuuma mumewe mkono hospitalini, siku ya Bwana, mbele ya watumishi wa Mungu.

"Hicho kitu ni kitakatifu," mama mmoja wa kanisa alisema.

"Kikae kitakatifu kwa mwenyewe," Awinja alijibu, meno yakiwa bado kwenye fundo la tatu. Likapasuka. Alikitupa kitambaa sakafuni, na Rosebella akapiga magoti kukiokota.

Nesi Sylvia alikuja mbio kugombeza. Alikuwa amekwisha kufungua kinywa, kisha macho yake yakaangukia juu ya mto. Vidole vya Makhanu vilikuwa na rangi ya majivu. Nesi alibonyeza ukucha wa kidole gumba, akaachilia, akangoja. Wekundu haukurudi. Alibonyeza wa kidole kidogo. Ulirudi kwa kusuasua, kama mtu asiyetaka kuitwa.

"Nani ameweka kitu juu ya bandeji?" aliuliza, lakini hakungoja jibu. Alikuwa tayari anakimbia korido akimwita Daktari Kipkemboi.

*

Benchi la nje ya chumba cha upasuaji lilikuwa fupi, na Beldina alikuwa amelala upande mmoja akilia na leso usoni. Kwa hiyo Awinja na Rosebella walilazimika kukaa wamebanana bega kwa bega. Rosebella alikuwa ameukunja ukanda ule mara nyingi mpaka ukawa mdogo kama kisanduku cha kiberiti.

"Unafikiri namtaka mume wako," alisema.

"Sifikiri. Naona."

"Paa langu linavuja tangu mvua za mwezi wa nne. Umewahi kumwambia aje aangalie?"

"Sijawahi."

"Nikiita fundi wanasema nimeleta wanaume kwenye boma. Nikinyamaza, nalala na masufuria kitandani, nakinga maji." Rosebella alisema haya bila kulia. "Siku ile shambani, watu wote walikuwa wananiambia, shika hapo Rosebella, usiachilie Rosebella. Daktari akaniita mama, akanipa kazi. Unajua ni lini mtu alinipa kazi isiyokuwa ya kuokota?"

Awinja alikuwa anasikia joto la bega la mwenzake, na alichukia kwamba lilikuwa joto la kawaida, la mtu.

"Ulisimama ukaitwa bibi yake," alisema mwishowe. "Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

Rosebella aliufikiria ukanda ulio mkononi mwake. "Ilikuwa tamu," alisema.

Hilo ndilo neno la kweli pekee walilokuwa wameambiana tangu mazishi, na baada yake hakukuwa na la kuongeza. Walikaa vivyo hivyo mpaka mlango ulipofunguliwa.

Daktari Kipkemboi alikuwa na jasho kwenye paji la uso. "Mkono bado upo," alisema, na Beldina akaanza kulia upya. "Kipande tulichounga upande wa kidole gumba kilikuwa kimeziba. Damu iligandia ndani. Tumekifungua, tumetoa bonge, tumeunga tena. Ule mshipa wa kidole kidogo ndio uliokuwa ukiulisha mkono kwa shida. Nani alikifungua kile kitambaa?"

"Ni huyu, daktari," Beldina alisema upesi, akimnyoshea kidole Awinja. "Ametuaibisha mbele ya watu. Utusamehe."

"Niwasamehe nini? Kingekaa mpaka nipite jioni, kesho tungekuwa tunaongea habari ya kukata mkono." Aliwatazama mmoja mmoja. "Nilisema kusifungwe kitu."

"Tulimwambia bibi yake," nesi Sylvia alisema.

"Bibi yake ni mimi," Awinja alisema. Ilikuwa mara ya pili kulisema katika jengo lile. "Mimi hakuna mtu aliyeniambia kitu."

Nesi alimtazama Rosebella, kisha Awinja, kisha sakafu.

"Hakutaja kitambaa cha maombi," Rosebella alisema kwa sauti ndogo. "Alitaja kamba."

Daktari alishusha pumzi. Alimgeukia Awinja, na uso wake ukalegea kidogo. "Basi, mama, umefanya vizuri sana. Uliona vidole vimebadilika rangi?"

"Sikuona vidole."

"Uliona nini?"

"Kitambaa."

Daktari alisubiri aendelee. Hakuendelea, naye akaenda kunawa mikono.

*

Makhanu alirudi nyumbani miwa ilipokuwa inatoa maua. Kabla hajaruhusiwa, daktari alimwambia akunje ngumi, akamfinya mishipa yote miwili mpaka kiganja kikapauka, kisha akaachilia mmoja, na kiganja kikajaa rangi. Akarudia kwa wa pili, kikajaa tena. Kidole gumba kilikuwa kizito bado, na panga asingeligusa mpaka mwaka upinduke, lakini aliweza kushika kikombe. Jioni ya kwanza alikishika kikombe hicho muda mrefu hata chai ilipokwisha.

Jumamosi iliyofuata mzee Wanjala, ndugu wa baba yake, aliitisha kikao mbele ya nyumba. Alikuja na kiti chake mwenyewe, kama alivyozoea. Beldina alikuwepo. Rosebella alikuwepo, na akina mama wawili wa kanisa lake wakiwa wamemweka katikati.

"Mulembe," mzee Wanjala alianza kwa salamu, wakamwitikia. "Tumshukuru Mungu, kijana ana mikono miwili. Sasa tunyooshe mambo. Mke wa Barasa amedharauliwa hadharani. Maombi yamekanyagwa. Watu wa kanisa wamekuja kwangu, na mimi nilikosa pa kuuweka uso. Mama Osiako, sisi hatukupigi, hatukufukuzi. Utachukua kuku, utaenda kumpika kwa mikono yako katika nyumba ya mwenzako. Utasema pole. Makhanu atakuwepo, sote tutakula pale, na yataisha."

"Na imondo ataila nani?" Awinja aliuliza.

Mmoja wa akina mama wa kanisa aliinamisha kichwa. Beldina alisugua goti. Mzee Wanjala alikohoa, akatazama upande wa miwa.

"Chakula ni chakula," alisema.

"Mzee, nimeuliza swali dogo."

"Hayo huamuliwa na mwenyewe," mzee alisema, na wote wakamgeukia Makhanu.

Makhanu alikuwa ameulaza mkono wake wa kushoto juu ya paja, kiganja kikitazama juu, na kovu jekundu limejikunja pale kama njia ya mchwa. Alimtazama mama yake. Alimtazama mzee Wanjala, akamtazama Rosebella, lakini hakumfikia Awinja. "Mama Osiako," aliuambia mkono wake, "sema tu pole. Neno ni moja. Yaishe."

Awinja aliliacha neno hilo lianguke mpaka chini. Alikuwa amengoja tangu hospitali kusikia mumewe angesema nini, na sasa alikuwa amesikia.

Mzee Wanjala aliona uso wake, akataka kumsaidia, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. "Au sema hivi, mke wetu. Sema uliona vidole vinakufa, ndiyo maana ukakivuta. Hata daktari alikusifu, tumesikia. Useme hivyo mbele ya hawa, na hapo hakuna atakayekulaumu kwa kitambaa. Itabaki pole ya lugha tu, ya vile ulivyomsukuma."

"Sema hivyo," Makhanu alisema haraka. "Si ndivyo ilivyokuwa?"

Ilikuwa njia nzuri, pana, iliyofagiliwa. Angeipita, angekuwa yeye aliyeuokoa mkono, na Kabras ingekuwa na hadithi mbili za wanawake wawili, na katika zote mbili Makhanu angeokolewa. Awinja aliingia ndani. Walisikia mlango wa nyuma, walisikia kuku wakitawanyika. Alirudi na mtetea mweupe mwenye madoa, kuku wake bora wa mayai, amemshika mbawa. Alimwendea Rosebella na kumweka mikononi mwake.

"Huyu ni wako," alisema. "Ni wa kumshika mume wangu asife. Hilo ulilifanya, mimi sikulifanya, na sitalikana mpaka naingia kaburini. Nimekupa akiwa hai, na utamlea akiwa hai. Hutamchinja kwa ajili ya mtu wa nyumba hii. Na Jumatatu nitakuja na fundi, mimi mwenyewe, nitashika ngazi akitengeneza paa lako. Anayetaka kusema asemee pale pale chini ya ngazi."

Rosebella alimkumbatia kuku.

"Sasa ile pole," mzee Wanjala alisema.

Awinja alisimama katikati yao, mikono yake ikiwa na manyoya mawili meupe.

"Mzee, mimi sikuona vidole. Msiniwekee vidole mdomoni. Niliona kitambaa cha mwanamke mwingine kimefungwa kwenye mkono wa bwana yangu, nikaona wivu, nikakivuta kwa meno. Kingekuwa dawa, ningekivuta. Kingekuwa kinamponya, ningekivuta vile vile, halafu ningekaa naye na mkono wake mmoja. Ndivyo ilivyokuwa. Na kesho nikikikuta tena pale, nitakivuta. Siombi msamaha."